Macho ya Maama Minza

Harufu ya mavi ya ng'ombe yanapoungua haifanani na harufu ya kuni. Kuni zikiungua zinanukia chakula. Mavi makavu yakiungua yananukia zizi, majani ya zamani, na mvua iliyokataa kunyesha. Moshi wake ni mzito, hauna haraka ya kupanda juu. Kwanza unamzunguka mpishi kichwani, unamwingia machoni, unakaa kwenye nywele zake na kwenye kanga yake, ndipo unatafuta upenyo kwenye nyasi za paa. Hata leo nikiwa sokoni Bariadi, mtu akipita karibu yangu na nguo zilizolala jikoni, mimi husimama na mfuko wangu wa nyanya mkononi kama niliyeitwa. Wanaonijua hudhani nimesikia njaa. Sijasikia njaa. Nimesikia hasira.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la tatu. Baba na mama walikuwa wakiishi Malampaka, Baba akibeba marobota ya pamba karibu na stesheni ya reli, na mimi niliachwa kwa bibi yangu mzaa baba, kijijini upande wa Migato. Kwetu Usukumani bibi tunamwita maama, na wangu alikuwa Maama Minza. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti ya kiume, na kazi yake asubuhi, kabla jua halijawa kali, ilikuwa kukusanya mavi ya ng'ombe. Mabichi aliyakanda na makapi ya mtama, akayatengeneza kama maandazi makubwa, kisha akayabandika kwenye jiwe kubwa lililokuwa nyuma ya nyumba. Pa! Kila andazi alilipiga kwa kiganja ili lishike, kwa hiyo jiwe zima lilijaa viganja vyake, vidole vitano vitano, vikikauka juani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuyabandua yaliyokauka na kuyapanga pembeni mwa jiko. "Mke mwenzangu," alikuwa akiniita, kwa sababu bibi na mjukuu wa kike kwetu ni wake wenza kwa utani, "pua yako inatiririka kama Mto Simiyu wa masika. Futa, mume wetu asije akafufuka akatuacha wote wawili." Huyo mume wetu ni babu, aliyekufa kabla sijazaliwa, na kaburi lake lilikuwa pale pale kando ya zizi, likitusikiliza.

Niliwahi kumuuliza kwa nini tunapikia mavi wakati kwenye kitabu cha shule mama aliyechorwa anapikia kuni. Akanionyesha kwa mkono ile nchi yote iliyokuwa mbele yetu, tambarare, nyeupe kwa jua, mti mmoja hapa na mwingine kule kama meno ya mzee. "Hapo palikuwa na msitu," akasema. "Nikiwa msichana tulikuwa tunaogopa kupita peke yetu." Nikamwuliza umekwenda wapi. Akasema waliukata wenyewe. Wakubwa walikuja wakasema kichakani kuna mbung'o, na mbung'o anaua ng'ombe. Na ni kweli, alikuwa anaua. Basi watu wakatoka na mashoka, wanaume mbele, wanawake nyuma wakibeba uji na maji. Walipomaliza wakacheza ngoma juu ya visiki. Baada ya hapo ikaja pamba, nayo pamba haitaki kivuli, wakakata na vile vilivyobaki. "Kwa hiyo mlikosea, Maama?" Akafikiri, akapuliza moto, akajifuta machozi ya moshi kwa ncha ya kanga. "Ng'ombe walinenepa," akasema. "Nani anajua amekosea wakati ng'ombe wananenepa? Kosa tuliliona kuni zilipokwisha, na waliotuambia tukate walikuwa wameshakwenda kwao."

Nimeyafikiri maneno hayo miaka mingi kuliko nilivyofikiri jambo lolote nililofundishwa mpaka kidato cha nne. Kwa sababu msitu ulipokwisha, wanawake wa kwetu walianza kupikia mavi na mabua ya pamba. Na mwanamke akipikia mavi miaka arobaini kwenye kijumba cha nyasi kisicho na dirisha, macho yake yanakuwa mekundu. Si mekundu ya kulia, ambayo huisha. Mekundu ya kudumu, yenye mishipa, kope zimevimba. Maama Minza alikuwa nayo. Jirani yake alikuwa nayo. Kila mwanamke mzee wa kijiji kile alikuwa nayo, kama vile kila mkulima ana sugu. Halafu kijiji hicho hicho, ambacho babu zao walikata msitu, wakaja wakayatazama yale macho na kusema: mchawi.

Kabla hayajaja hayo, jiko la Maama lilikuwa ndilo jiko la mtaa. Kiberiti kilikuwepo dukani, lakini kununua kiberiti wakati jirani ana moto kulionekana ni maringo. Jioni Maama alifukia makaa kwenye majivu, na alfajiri wanawake walikuja mmoja mmoja na vigae vya vyungu vilivyovunjika, wakipiga magoti mlangoni. "Mwangaluka, mayu." Yaani, umeamkaje, mama. "Mwangaluka. Ingia uchukue moto." Hapo zilipita habari zote: nani kajifungua, ng'ombe wa nani kavunjika mguu, bwana wa nani kalala wapi. Maama alipenda sana hizo za mwisho. Mwanamke akishachukua kaa lake alilikimbiza kwake akilipuliza, na ungeweza kuona moshi ukianza nyumba moja baada ya nyingine, wote ukitokana na jiko letu. Nilidhani sisi ni matajiri.

Msimu ule mvua zilikatika mapema. Pamba ilitoa maua ikayaangusha, mtama ukasimama wima mikono mitupu. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, asubuhi na jioni mpaka mataya yakauma. Ng'ombe wakaanza kufa. Na katikati ya njaa hiyo akafa mtoto mdogo wa baba mkubwa Masunga.

Masunga alikuwa kaka yake Baba kwa upande wa babu. Mama yake mzazi, mke mkubwa, alifariki akimwacha ananyonya, na aliyembeba mgongoni mpaka akatembea ni Maama Minza. Alimwita mayu kama Baba alivyomwita. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba la mtama, na kila asubuhi, mtu mzima na ndevu zake na wake zake wawili, alikuja kunywa uji jikoni kwa Maama kwa sababu alidai wake zake hawajui kuukoroga. Mwanawe alishikwa na homa, akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Leo najua ni degedege, malaria iliyopanda kichwani. Siku ile walijua ni kitu kingine. Walimpeleka kwa mganga badala ya zahanati, na alipokufa Masunga akarudi kwa mganga yule yule, mbali, na kuku mkononi. Mganga akampasua kuku, akasoma matumbo yake, akasema: ni mama wa karibu, macho yake mekundu, anakaa upande linakozama jua. Angesema ni mama mwenye pua moja angekuwa amemtaja mtu yule yule. Lakini mtu aliyefiwa hataki maelezo, anataka mtu wa kumchukia. Kwa hilo simlaumu. Mimi pia ninaye wangu.

Hatukuambiwa chochote. Tuliliona jikoni. Kwanza jirani wa karibu alimtuma mtoto kuchukua moto badala ya kuja mwenyewe. Kisha mtoto naye hakuja. Wiki haikuisha, mlango ukawa mtupu alfajiri nzima, makaa yetu yakilala hapo yakigeuka majivu. Maama alikaa kwenye kigoda akitazama nje. "Naona siku hizi watu wametajirika," akasema. "Kila nyumba ina kiberiti." Akacheka ile sauti yake ya kiume, lakini aliikata katikati.

Masunga alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, jua likiwa nyuma yake, hata sura sikuiona vizuri.

"Mwangaluka, baba," Maama akamsalimia, maana alimwita baba kwa kumdekeza. "Uji umeiva. Ingia."

Hakuitikia. "Macho yako yana nini?"

"Yana moshi."

"Nakuuliza macho yako yana nini."

"Na mimi nimekujibu. Ingia ukae hapa mpaka uji uishe, halafu ukajitazame kwenye maji ya mtungi."

Hakuingia. Aliondoka akipita katikati ya mtama mkavu, ukawa unapasuka chini ya miguu yake. Maama alichukua kibuyu cha uji cha Masunga, kile alichokunywea tangu ujana wake, akakishika muda, kisha akanipa mimi. "Kunywa, mke mwenzangu. Mgeni wetu leo hana nafasi."

Baba alipata habari huko Malampaka, akaja kumchukua. Nakumbuka walivyobishana, Baba amesimama, Maama amekaa akichambua choroko. Baba akasema, mayu, twende, watakuua hawa. Maama akasema: "Nikikimbia watasema ni kweli. Wewe utakuwa mtoto wa mchawi, na huyu," akaninyooshea kidole, "hataolewa. Nikae hapa hapa na macho yangu. Watayazoea." Baba akarudi kazini. Alisema angekuja tena mwisho wa mwezi na ng'ombe wa kukokota mkokoteni, ampakie kwa nguvu kama ikibidi.

Kutoka shuleni tulipanda kilima kidogo, na ukiwa juu yake uliona moshi wa kila nyumba. Kila mtoto alijua moshi wa kwao. Tulikuwa tukishindana: "Kwetu leo wanapika maharage!" "Kwenu hata moshi umekonda!" Siku ile mchana nilitazama upande wetu, nikaona paa, nikaona minyaa iliyozunguka boma, nikaona jiwe letu na viganja vyake. Sikuona moshi. Wenzangu nao walitazama, na hakuna aliyenitania. Nilishuka nikikimbia. Nje ya minyaa walisimama watu wengi, kimya, kama wanaosubiri kusomewa jambo. Mama mmoja, yule yule jirani aliyeanza kutuma mtoto, alinidaka, akanifunika kichwa kwa kanga yake, na kanga ile ilinuka moshi kama ya Maama. Kwa hiyo sikuona kilichofanywa na mapanga. Niliona tu chungu kimelala ubavu, na michembe iliyolowa maji imetawanyika mpaka kwenye kizingiti.

Waliokuja kuuliza maswali waliambiwa ni watu wasiojulikana. Hebu ngoja hapo. Kijiji kile kilijua kuku wa nani katagia kwa nani. Kilijua nyayo za mtu kwenye vumbi. Wasukuma tuna jina kwa kila rangi ya ng'ombe na kila baka, na mtoto wa miaka sita anaweza kukwambia ndama fulani ni wa zizi gani kwa mbali. Wiki ile dume la Masunga, jeusi lenye baka jeupe tumboni, lilitoweka zizini kwake. Halikufa, kwani hatukuona ngozi. Halikuibwa, kwani hakupiga yowe la kuita sungusungu. Lilikwenda tu, likamlipa mtu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza liko wapi. Watu wote hao wenye macho ya kutambua ng'ombe gizani, siku ile walikuwa vipofu, na aliyeuawa kwa sababu ya macho alikuwa ameshalala kando ya minyaa, chini ya rundo la mawe. Sisi, yaani mimi na Baba na mama waliokuja kuzika, baada ya mazishi tulipikia yale mavi yaliyokuwa yamekauka kwenye jiwe kwa majuma mengi. Tulipikia viganja vyake, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

Nasimulia haya yote kwa sababu ya swali la mwanangu. Naye anaitwa Minza. Alipozaliwa alilia mchana kutwa, na kwetu mtoto akilia hivyo huulizwa anataka jina la nani katika waliotangulia. Wakataja majina, akalia. Mimi nikamnong'oneza Minza, akanyamaza. Labda alikuwa ameshiba, sijui, lakini nililishika hilo. Basi mwaka huu akarudi kutoka shule hapa Bariadi akasema mwalimu amewaambia wafikirie makosa makubwa ya binadamu. Walikuwa wameshataja darasani biashara ya utumwa, na ukoloni, na vita vya dunia, na mabomu. Kweli tupu, na nilifurahi wanafundishwa. Halafu akaniuliza, kijiko cha wali kiko njiani kwenda mdomoni: "Mama, sisi hatujawahi kukosea?" Nikamwambia ale kwanza. Makosa yote aliyoyataja yalifanywa na watu waliokuja kwa meli. Ni rahisi sana kumhukumu mtu aliyekuja kwa meli. Nyani haoni kundule, na sisi tumeigeuza methali hiyo kuwa somo la historia.

Kwa sababu muulize mtu wa kwetu habari za Maama Minza. Atakwambia, "Alifariki mwaka ule wa njaa." Utasikia njaa imetajwa, utadhani alikufa kwa kukosa chakula. Mwingine atasema, "Wakati ule kulikuwa na mambo." Mambo! Masunga mwenyewe alikufa kitandani akiwa mzee, kaburi lake likawekwa vigae vya rangi ya bluu, na kwenye mazishi wakasema alikuwa mtu wa busara aliyependa mama yake. Nilikuwepo. Nilikuwa na mimba ya Minza, nikatoka nikaenda kukaa nyuma ya gari mpaka wakamaliza kumsifu. Na mtu akithubutu kuuliza, anapewa ile dawa yetu ya usingizi: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sawa. Utayagangaje yajayo wakati umekataa kuutaja ugonjwa?

Na ugonjwa haujaondoka. Baba na mama walirudi kijijini miaka kadhaa iliyopita, wakakaa kwenye boma lile lile. Jiko ni lile, limewekwa nyasi mpya tu. Nilikwenda baada ya Pasaka, mama akatoka kunipokea, nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kama watu wanakuja kumtembelea. Akasema wanakuja, kiasi. Nikamuuliza kiasi gani. Akasema, "Watu wana shughuli zao, ng'wanawane, mwanangu, usinichunguze." Zamani mlango wa jikoni ulikwambia. Siku hizi kila nyumba ina kiberiti kweli, hakuna anayekuja kuomba moto kwa mwingine, kwa hiyo huwezi kujua ni lini wameacha kuja. Nilimnunulia mtungi mdogo wa gesi. Ameufunika kitambaa cha kufuma na ameweka redio juu yake.

Ndipo mwezi uliopita Baba akaamua kuwajengea wazazi wake makaburi ya saruji, nadhani vile vigae vya bluu vya Masunga vilikuwa vikimchoma. Ndugu wakaitwa, majirani wakaja kusaidia kubeba maji na mchanga, mama akawa jikoni anawapikia wote. Mwanangu alikuwa naye humo. Kaburi la babu lilimalizika asubuhi. La Maama, kule kwenye minyaa, fundi alilisawazisha mchana, akachukua msumari wa kuandikia, akauliza, "Mzee, hapa kwa bibi niandike nini? Saruji inakaza."

"Andika jina," Baba akasema. "Halafu andika pumzika kwa amani."

"Andika aliuawa," nikasema mimi.

Fundi akatazama huku na huku. Baba akasema kwa upole, "Mwanangu, yaliyopita si ndwele."

"Ni ndwele, Baba. Iko jikoni inawapikia ugali hawa watu."

Jilala, mtoto mkubwa wa Masunga, alikuwa amebeba ndoo. Aliiweka chini. "Dada, umekuja kujenga makaburi au kuyafukua?"

"Kufukua."

"Unafukua mambo ya wazee. Mimi nilikuwa mtoto."

"Hata mimi nilikuwa mtoto. Mbona mimi nakumbuka?"

"Unadhani mimi sikumbuki?" akasema. "Mdogo wangu alikufa. Nilikuwa nimemshika mguu."

Hilo lilinipiga, sitaficha. Nikamwambia, "Najua. Homa ilimuua mdogo wako, halafu wakamchukua mdogo wako wakamfanya panga. Hata yeye hakutendewa haki."

Aliokota ndoo yake. Baba alikuwa akitazama mawe. Na hapo Minza wangu akatoka jikoni akikimbia, akijisugua uso kwa ngumi zote mbili. "Mama, moshi! Siwezi kuona!" Nikaishika mikono yake nikaishusha. Macho yalikuwa mekundu kama pilipili, yamejaa machozi, kope zimevimba. Nikamshika mabega nikamgeuza awatazame watu wote waliokuwa pale, ndugu na majirani, wanaume na majembe yao, wanawake na masufuria yao.

"Ana miaka tisa," nikasema. "Anaitwa Minza. Haya, semeni."

Mama mmoja mtu mzima, macho yake mwenyewe mekundu kuliko ya mtoto, alivuta kanga yake ikafunika paji la uso. Minza alikuwa akipepesa akijaribu kunitafuta, hajui kwa nini nimemgeuza. Nilianza kujuta kumweka hapo, kisha nikaona Baba anamnyang'anya fundi msumari.

Baba haandiki sana. Alichuchumaa, magoti yakalia, akaanza kuchora herufi moja moja, kubwa mno, kama mtu anayechimba. MINZA. Akahema. ALIUAWA. Jilala alikuwa amesimama nyuma yake akisoma, midomo ikicheza. Nafasi ilikuwa imebaki kidogo, Baba akazibana herufi za mwisho, zikapinda kuelekea ukingoni: MACHO NI MOSHI TU.

"Mzee, hazijanyooka hizo," fundi akasema. "Nizifute nikuandikie vizuri?"

"Ziache."

Siwezi kusema haki imetendeka. Hakuna aliyeshtakiwa, dume jeusi halikurudi, vigae vya bluu viko pale pale vinang'aa. Msitu pia haukuota kwa sababu mzee ameandika kwenye saruji. Jioni Jilala alimuuliza fundi kaburi linatakiwa kumwagiliwa maji kwa muda gani ili lisipasuke, akasema ataifanya kazi hiyo yeye, maana anakaa karibu. Sijui kama ni toba au ni kwa sababu saruji ni ghali. Nimelipokea hivyo hivyo. Na mwanangu nimemjibu swali lake, nikamwambia tumekosea, tena sana, na akiulizwa darasani asimame aseme ni sisi.

Lakini mchana ule, fundi akiwa anaosha mwiko wake na watu bado wamesimama hawajui waweke wapi macho, mama yangu alitoka mlangoni pa jiko, akatazama yale maandishi kwa mbali, akijikinga jua kwa kiganja. Hajui kusoma. Minza alimwendea, akamsomea neno kwa neno. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya," akainama, akarudi ndani kwenye moshi, kwa sababu watu walikuwa hawajala.